Kwa nini fundo la nailoni huchomoka kwenye mshipi wa kusuka

Malalamiko ni yale yale, uwe Likoni, Mtwapa au kwenye ukuta wa bahari pale Mama Ngina, Mombasa. Mtu amenunua mshipi wa kusuka wa pauni 30, yaani unaohimili mvuto wa pauni 30 kabla ya kukatika, ameujaza kwenye rili, amefunga ndoana kwa fundo alilofundishwa na babake au mjombake. Kolekole amekula, fimbo imepinda, kisha ghafla mkono ukawa mwepesi. Mshipi umerudi bila ndoana. Hukumu hutolewa papo hapo: mshipi ni feki.

Wakati mwingine kweli ni feki. Lakini mara nyingi, ukiishika ile ncha iliyorudi na kuitazama vizuri, utaikuta nzima. Haina manyoya, haikuchanika, ni ileile uliyoikata kwa mkasi asubuhi. Maana yake ni kwamba hakuna kilichokatika. Fundo limejifungua lenyewe ndani ya maji huku samaki akivuta.

Fundo lile si baya. Limefungwa kwenye uzi ambao halikutengenezwa kwa ajili yake, na ukishaelewa tofauti ya nyuzi hizi mbili, kuchagua fundo hakutakuwa tena suala la nani alikufundisha nini.

Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, kwenye kundi la wanakemia lililoongozwa na Wallace Carothers, na miaka michache baadaye ikaingia kwenye uvuvi. Vizazi kadhaa vya wavuvi wa rili vimejifunza mafundo juu yake. Ni uzi mmoja mnene, unaovutika kabla ya kukatika, unaobonyea kidogo unapobanwa, na una ukavu fulani wa kushikana. Ukiukaza kwenye fundo, mzunguko mmoja unalala juu ya mwingine na kuuuma. Ndiyo maana nailoni husamehe fundo lililofungwa kwa haraka.

Mshipi wa kusuka ni kitu kingine kabisa. Nyuzi zake ni polithini, jamaa wa karibu wa ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017, ila molekuli zake ni ndefu kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi wa kampuni ya DSM nchini Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra, waligundua namna ya kuiyeyusha polithini hiyo kwenye kimiminika, kuitoa ikiwa laini kama utepe wa jeli, kisha kuivuta mpaka molekuli zote zielekee upande mmoja. Nyuzi hizo ndizo zinazouzwa kwa jina la Dyneema, na kwa upande wa Marekani Spectra. Viwandani husukwa nne nne au nane nane kuwa mshipi.

Kwa sababu molekuli zote zimenyooka, nguvu yake ni kubwa sana kwa unene mdogo. Mshipi wa kusuka wa pauni 30 una takriban nusu ya unene wa nailoni ya pauni 30. Hauvutiki, labda asilimia 3 au 4 tu kabla ya kukatika. Haunywi maji. Ni mwepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Lakini sifa inayohusu mafundo ni moja: unateleza. Polithini ya aina hii ni miongoni mwa plastiki zenye utelezi mkubwa kuliko zote, karibu sawa na ule mpako mweusi wa sufuria zisizoshika chakula.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na naomba msomaji avumilie kidogo kwa sababu inaeleza karibu kila kitu.

Tazama jahazi linapofunga Bandari ya Kale. Baharia hashindani na uzito wa chombo kwa misuli. Anapiga kamba mizunguko miwili mitatu kwenye nguzo ya gati, anashika ncha kwa mkono mmoja, na jahazi zima linasimama. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, alilifanyia hesabu jambo hili: kila mzunguko hauongezi ushikaji, unauzidisha. Fundo la ndoana hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Samaki anavuta upande mmoja, kila mzunguko unapunguza mvutano, mpaka unapofika kwenye ncha uliyoikata, kilichobaki kiwe kidogo kiasi cha kushikwa na mbano tu.

Tuchukue namba za mfano. Kigezo cha msuguano, yaani namba inayopima jinsi uzi unavyoshika, kikiwa 0.2, ambacho hakiko mbali na nailoni, mzunguko mmoja unagawanya mvutano kwa 3.5 hivi. Mizunguko mitano inaugawanya kwa zaidi ya 500. Samaki akivuta kilo 10, ncha inavutwa kwa chini ya gramu 20. Mbano mdogo tu unatosha.

Sasa shusha kigezo hicho mpaka 0.08, karibu na polithini ya mshipi wa kusuka. Mzunguko mmoja unagawanya kwa 1.65 tu, na mizunguko ile ile mitano inagawanya kwa 12. Samaki yule yule anayevuta kilo 10 anaivuta ncha yako kwa gramu 800. Ncha ya milimita tatu iliyobaki nje haiwezi kuvumilia hilo. Inaanza kuingia ndani polepole, kisha inapita yote. Ili urudi kwenye ushikaji wa nailoni ungehitaji mizunguko 12 na zaidi. Fundo halisi lina mambo mengi kuliko nguzo na kamba, kwa kuwa mizunguko hubanana yenyewe kwa yenyewe, lakini mwelekeo wa hesabu ni huo huo.

Mtu atasema basi nizungushe mara 20 kila fundo. Hapo tunakutana na tatizo la pili. Nyuzi hizi zina nguvu kwa urefu wake, si kwa ubavu. Zikikunjwa kwa kona kali, nyuzi za nje ya kona ndizo zinazobeba mzigo wote huku za ndani zikilegea. Zaidi ya hapo, mizunguko mingi kwenye uzi mwembamba haikazi kwa usawa. Mmoja unabaki umelegea, mwingine unabeba peke yake, na mwembamba unamkata mwenzake. Kwa hiyo fundo zuri la mshipi wa kusuka linatafuta ushikaji kwa njia nyingine: kuupitisha mshipi ukiwa maradufu kwenye jicho la ndoana, au kuuzungusha kwenye kitu kingine kilicho kinene badala ya kuujifunga wenyewe.

Fundo la klinchi, lile la kupitisha mshipi kwenye jicho mara moja, kuuzungusha mara tano na kurudisha ncha kwenye kitanzi kidogo, halina hata moja kati ya hayo mawili. Jicho limeshikwa na uzi mmoja, mizunguko imekaa juu ya uzi mmoja. Kwenye nailoni ni fundo zuri na sina neno nalo. Kwenye mshipi wa kusuka liache.

Kwenye ndoana: Palomar

Kama ungejifunza fundo moja tu, ningekuambia Palomar. Kunja mshipi uwe maradufu kwa urefu wa kiganja kizima. Pitisha kitanzi hicho kwenye jicho la ndoana. Sasa funga fundo la kawaida kabisa, lile la kwanza la kamba za viatu, ukitumia uzi huo maradufu, lakini usilikaze. Ndoana ining'inie katikati. Shika kitanzi kilichobaki, kipitishe juu ya ndoana nzima, kutoka kwenye ncha yake mpaka kikae juu ya jicho. Lowesha kwa mate. Vuta mshipi mkuu na ncha pamoja, taratibu, mpaka fundo likae juu ya jicho. Kata ukiacha milimita tano hivi.

Jicho sasa limeshikwa na nyuzi mbili, kwa hiyo kila mmoja unabeba nusu ya mzigo pale penye kona kali kuliko zote. Na kile kitanzi kilichovuka ndoana kinabana ncha isirudi. Ndiyo sababu fundo fupi hivi linashika kwenye uzi unaoteleza.

Linaharibika kwa njia mbili, na zote zinaonekana kwa macho. Ya kwanza ni nyuzi mbili kupandana ndani ya fundo badala ya kulala sambamba; ukiona zimepandana, fungua kabla ya kukaza. Ya pili ni kitanzi kubaki chini ya jicho badala ya kupanda juu yake. Hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu fundo linaonekana limekaza kumbe mzigo uko kwenye uzi mmoja.

Palomar halifai pale ambapo kitanzi hakiwezi kupita juu ya kitu: chambo bandia kirefu chenye ndoana za miiba mitatu, kwa mfano. Wala halifai kwa ndoana zenye kichwa bapa kisicho na jicho. Kwa chambo bandia tumia fundo la Uni. Pitisha mshipi kwenye jicho, mara mbili ikiwezekana, rudisha ncha sambamba na mshipi mkuu, tengeneza kitanzi kwa kuigeuza ielekee jicho, izungushe ndani ya kitanzi ikizunguka nyuzi zote mara nane, kisha lowesha na kaza. Kwa nailoni mara tano zilitosha; hizo tatu za ziada ndizo deni la utelezi.

Kuunga na nailoni ya mbele

Mwamba wa Mombasa haumpi mvuvi nafasi ya kufunga mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye ndoana. Matumbawe yamejipanga sambamba na pwani, na kolekole au chewa akishikwa anaelekea huko huko. Nyuzi ndogo ndogo za mshipi wa kusuka zikivutwa na kugusa jiwe mara moja, zinakatika. Nailoni nene au fluorokaboni, uzi mwingine wa plastiki, huvumilia kukwaruzwa, na haionekani sana majini. Kwa hiyo kati ya mshipi na ndoana weka kipande cha nailoni ya pauni 40 hadi 60, mita moja na nusu au mbili. Kwa nguru ongeza waya mfupi mbele kabisa, maana meno yake hayajali umenunua nini.

Sasa una maungio, na maungio ndipo samaki wengi hupotelea. Unaunga uzi mwembamba unaoteleza na usiovutika, na uzi mnene unaoshika na unaovutika. Samaki akishtua, nailoni inarefuka, mshipi haurefuki, na tofauti hiyo yote inamalizikia ndani ya fundo.

Njia rahisi ni Uni mbili zinazovutwa zikutane: mizunguko nane hadi kumi upande wa mshipi wa kusuka, minne au mitano upande wa nailoni. Linashika, ila ni nene, na kwenye pete za fimbo linagonga. Bora kidogo ni fundo la Alberto. Kunja nailoni iwe kitanzi, pitisha mshipi ndani, uzungushe kwenda mbali mara saba, urudi juu ya mizunguko hiyo mara saba, kisha utoke kwenye kitanzi upande ule ule ulioingilia. Ukitokea upande mwingine, fundo halitajifunga. Hapa mshipi unazunguka nailoni, na nailoni ndiyo inayotoa msuguano uliokosekana.

Lakini bora kuliko yote, na ninasema hivi nikijua ni gumu, ni fundo la FG.

Katika FG, nailoni haikunjwi. Inabaki imenyooka, na mshipi unaizunguka kwa kupishana kama msuko, mizunguko 20 hivi. Rudi kwenye hesabu ya Euler: mizunguko 20, tena kwenye nailoni yenye kushika badala ya polithini kwa polithini. Ushikaji unakuwa mkubwa mno, na hakuna kona kali hata moja. Ukivuta, msuko unajinyoosha, kipenyo chake kinapungua, nao unajichimbia kwenye nailoni. Ndiyo maana FG hupoteza nguvu kidogo sana ya mshipi, na ni jembamba kiasi kwamba linapita kwenye pete za fimbo bila kusikika.

Siri yote iko kwenye kukaza mshipi wakati wa kusuka. Mshipi wa kusuka lazima uwe umevutwa ukakaza muda wote. Wengine huuma ncha kwa meno, wengine huweka fimbo kwenye kishikio ili ivute upande mmoja. Kinachosogea ni nailoni peke yake. Ipitishe juu ya mshipi, irudishe chini yake kutoka upande wa pili, kisha juu tena kutoka upande wa kwanza, kila mpindo ukilala kando ya uliotangulia bila kupanda juu yake. Ukishafika 20, bana kwa vidole, tumia ncha ya mshipi kufunga kifundo kimoja cha nusu kinachozunguka nailoni na mshipi mkuu pamoja, yaani izungushe mara moja na kuipitisha kwenye kitanzi chake. Lowesha. Sasa vaa glavu, au viringisha kitambaa mkononi, na uvute mshipi mkuu na nailoni kwa nguvu kweli kweli. Rangi ya msuko itakolea, kijani hafifu kitakuwa kijani kibichi. Rangi isipobadilika, msuko haujauma nailoni bado, na ukienda nao hivyo utateleza. Baada ya hapo kata nailoni karibu kabisa na msuko, malizia kwa vifundo vitano sita vya nusu kwenye mshipi mkuu, kimoja kushoto kimoja kulia.

Wakati wa kusi, chombo kikiyumba na mikono ikiwa na maji ya chambo, FG ni mateso. Funga vipande vyako nyumbani usiku uliotangulia, kwenye taa nzuri. Ukikatikiwa baharini, funga Alberto uendelee na kazi.

Kukaza ni nusu ya fundo

Polithini hii huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 150, wakati nailoni inahimili zaidi ya 200. Ukivuta fundo kavu kwa ghafla, msuguano unatoa joto hapo hapo ndani, mahali usipopaona. Mate yanapoza. Maji ya bahari yanafaa pia, ila yale ya ndani ya chombo huwa na mchanga, na mchanga unakwaruza. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono desturi ya kuchoma ncha kwa kiberiti ili iwe na kichwa. Kichwa kinazuia ncha kuchomoka, ni kweli, lakini moto ukipotea milimita mbili umeshaudhoofisha mshipi pale pale unapobeba mzigo. Fundo lililofungwa sawasawa halihitaji kichwa wala gundi.

Na usivute kamwe mshipi huu kwa mkono mtupu. Unakata nyama ya kidole kabla hujahisi maumivu. Hili linanifanya niseme wazi kwa wanaovua kwa mshipi wa mkono, bila fimbo: bakini na nailoni nene. Mshipi wa kusuka haukutengenezwa kwa kiganja. Hauna mvutiko wa kumpunguzia samaki kishindo, na nguru mmoja akikimbia nao utamkuta mvuvi hospitalini.

Kwenye fimbo, kazi ya mvutiko inafanywa na breki ya rili. Pauni 30 ni kilo 13.6, iweke breki iachie mshipi kwenye robo mpaka theluthi ya hapo, yaani kilo tatu na nusu hadi nne na nusu. Usikisie kwa mkono. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wachuuzi wa samaki, itakupa jibu kwa dakika moja. Mizani hiyo hiyo ndiyo ya kujaribia mafundo: funga ndoana kwenye msumari imara, vuta, soma.

Ncha inayorudi ina habari zake pia. Ikiwa nzima na laini, fundo liliteleza: ongeza mizunguko au badilisha fundo. Ikiwa imechanika kama brashi pale pale fundo lilipokuwa, mshipi ulijikata wenyewe, pengine nyuzi zilipandana au ulikaza pakavu. Ikiwa na manyoya kwa urefu wa kiganja au zaidi, huo ni mwamba. Kata mita mbili tatu utupe, kwenye pipa na si majini, kwa sababu uzi huu huelea na hauozi. Kupauka rangi peke yake si dalili ya uchakavu. Manyoya ndiyo dalili.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda kuliko hata mizani. Ukishakaza fundo na kukata ncha, gusa ncha kwa kalamu ya wino usiofutika, pale inapotokea kwenye fundo, upate nukta moja nyeusi. Vua kama kawaida. Baada ya samaki wa kwanza mwenye nguvu, tazama nukta iko wapi. Ikiwa pale pale, endelea. Ikiwa imeingia ndani ya fundo, kata ufunge upya, na safari hii zungusha mara mbili zaidi.